Jiwe Nililookota Msituni

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba. Huku Mlandizi sote wazima, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Unauliza kwa nini, siku baba yako mdogo aliponipeleka msituni Kisarawe kutazama wanyama, niliokota jiwe mbele ya wageni waliokuwa wakipiga picha. Ni mazoea, mama. Utotoni kule Masaki ya hukohuko Kisarawe nilishinda dunguni nikifukuza ngedere wasimalize mihogo ya baba. Nilipomwona ngedere pale msituni tu, nikainama kabla sijafikiri.

Na kwa nini sikulirusha? Siku moja kule shambani ngedere alikimbia na muhogo wetu, kisha akautupa, akarudi hadi miguuni pangu kumchukua mtoto wake aliyeachwa nyuma. Jiwe nilikuwa nimeshaliinua. Alinitazama, akambeba mwanawe, akaondoka taratibu. Baba aliponiuliza, nilimwambia nimemrushia nikamkosa. Ukweli huo nimekwambia wewe tu.

Yule wa msituni naye alikuwa na mtoto mgongoni.

Ukija likizo twende wote. Ila mkono wangu huu uushike wewe.

Bibi yako