Faini Niliyoishinda kwa Vipimo vya Gauni

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya duka la rangi,
S.L.P. 417.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu, mchokozi wangu tangu siku ya posa,

Pokea salamu zangu na za cherehani zangu mbili, ile nzima na ile inayonitia wazimu. Hujambo? Magoti yako je? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa jirani yako ilifika, au jirani kajichua mwenyewe? Na mumeo, kikohozi kimemwacha? Usinijibu kwa "tunaendelea vizuri" yako hiyo. Nataka unieleze goti moja moja.

Sisi huku ni wazima. Mchana bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mama yako anakula, anatembea mpaka getini, anasikia akitaka kusikia, na kila siku ananiambia supu yangu ina maji mengi. Kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Haya, sasa kaa kitako. Kama una sufuria jikoni, epua kwanza. Wifi, nimeshinda! Nimeshinda kesi nchi ya watu, mbele ya afisa mwenye mhuri, kaka yako mkubwa akiwa amekaa pembeni yangu akiona kwa macho yake. Gari halitoki mikononi mwangu ng'o!

Najua unajiuliza kesi gani. Nilikuficha wiki saba nzima, nisamehe. Niliona haya, maana wewe ndiye uliyenisimamia. Kile kikao cha familia baada ya msiba, kaka yako alipotaka gari la marehemu mume wangu liuzwe, ni wewe uliyesimama ukasema wifi atajifunza kuendesha. Watu walicheka. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na sijawahi kushika usukani hata wa baiskeli. Kaka yako akakubali, lakini kwa masharti yake: kadi ya gari ibaki kwake, na siku gari litakapoleta barua ya serikali, hata moja tu, funguo zirudi kwake. Wewe ukamjibu mbele ya wote kwamba barua hiyo haitakuja.

Basi ilikuja, wifi.

Unajua nusu ya wateja wangu siku hizi wako ng'ambo ya mpaka. Wanajua thamani ya pindo lililoshonwa kwa mkono, na nguo nawapelekea mwenyewe zikiwa zimening'inia, hazina kunyanzi hata moja. Bila gari siwafikii. Nikipokonywa funguo, nimepokonywa na kazi, narudi kubana suruali za watoto wa shule. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Siku yenyewe nilikuwa nimepeleka suti mbili kwa mwalimu mkuu mmoja wa huko, mama mnene, mcheshi, anastaafu mwaka huu. Nikaegesha nje ya shule yake, nikaenda kwenye mashine ya maegesho, nikalipia saa mbili, nikapewa risiti yangu. Ile nageuka tu, huyo anatoka getini mbiombio. Ana dakika kumi kabla ya kikao cha walimu, na anataka na gauni la sherehe ya kuagwa, tena nimpime hapo hapo. Nikamsimamisha nyuma ya buti lililo wazi, nikampima haraka haraka. Daftari langu la vipimo lilikuwa chini ya mabunda ya vitambaa. Nikaandika vipimo nyuma ya ile risiti.

Hapo sasa ufundi ukanizidi udereva. Risiti inatakiwa ilazwe kwenye dashibodi, saa na tarehe zikitazama juu, mkaguzi azione kupitia kioo. Nikailaza vizuri tu. Lakini niliilaza vipimo juu! Wifi, nimeshona miaka thelathini. Kwangu mimi upande wenye vipimo ndio uso wa karatasi, huo mwingine siuoni kabisa. Nikafunga milango nikaenda zangu kumvalisha mama wa watu suti zake, roho kwatu.

Na huko kwa wenzetu hawabandiki kitu kwenye waipa. Anapita mtu na kamera, anapiga picha, anaondoka. Nilirudi nikakuta gari limetulia, nikaendesha mpaka nyumbani naimba.

Wiki tatu baadaye barua ikaingia kwenye sanduku la familia, yaani mikononi mwa kaka yako. Tena iliandikwa jina la marehemu, kwa kuwa kadi bado ina jina lake. Hebu fikiria. Mtu yuko kaburini mwaka wa pili huu, anaambiwa ameegesha gari bila kulipia! Lile jina lilinichoma. Sijaliona kwenye bahasha tangu zile za rambirambi.

Kaka yako alinijia saa nne asubuhi, amevaa koti, mteja wangu amesimama katikati ya chumba na mkono mmoja wa gauni. Akaisoma barua kwa ile sauti yake ya mahakamani. Unamjua. Alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, akastaafu yeye, sauti ikabaki kazini. Alipomaliza akaniambia nimemtia mdogo wake kesini akiwa hana hata mdomo wa kujitetea. Kisha akanyoosha kiganja. Funguo.

Sikumpa. Nilimwomba nione ile barua, maana nilijua nililipa. Ukurasa wa pili ulikuwa na picha. Dashibodi yangu hiyo, na katikati kipande cha karatasi chenye namba sita. Wifi, niliuona mwandiko wangu nikaangua kicheko hadi mteja akachomwa na pini. Kwani fundi anatupa karatasi ya vipimo? Nikavuta daftari, nikafungua ukurasa wa mwalimu mkuu, hiyo hapo, nimeibana kwa pini pamoja na kipande cha kitambaa chake. Nikaigeuza. Tarehe, saa, namba ya gari. Vyote viko pale!

Kaka yako aliitazama mbele na nyuma. Akasema karatasi hiyo itaaminiwa na ofisi iliyoandika barua, si na yeye. Tukapatana kwamba nikate rufaa, twende wote, na funguo ziamuliwe na jibu la huko. Nikishindwa, nirudi nimeketi kiti cha abiria. Nikapiga moyo konde nikakubali.

Siku ya kwenda, njiani akaanza kunifundisha cha kusema. Ati tuwaambie mtuhumiwa amefariki, na mtuhumiwa akifa kesi inakufa naye, tusimame turudi nyumbani. Alikuwa na cheti cha kifo ndani ya bahasha, amekuja nacho tayari. Nikamwambia, shemeji, marehemu hakuegesha gari popote. Niliegesha mimi, na nililipa mimi. Tukiwaonyesha cheti hicho faini itafutwa, lakini mimi nitabaki mkosaji niliyejificha kaburini kwa mume wangu. Hapo funguo si utazichukua kwa haki? Alinuna kilomita kama tano hivi.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili. Korido ndefu inanuka dawa ya sakafu, mabenchi yamefungwa chini kwa nati, utadhani kuna anayetaka kuyaiba. Namba yetu ilikuwa thelathini na moja. Waliotutangulia walikuwa wanaingia na vifua mbele wanatoka wameufyata, mmoja mmoja. Mama mmoja alitoka analia. Nikawa nashika mkoba wangu kila dakika kuhakikisha daftari halijaota miguu.

Afisa wa rufaa ni mama wa makamo, kavaa sweta, kaweka mhuri karibu kama mtu anayeogopa utaibwa. Akafungua faili, akasoma jina la marehemu, akauliza bwana huyu yuko wapi. Nikamwona kaka yako anainuka, anakohoa kidogo, anaingiza mkono kwenye bahasha. Nikamtangulia. Nilisema bwana huyo alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu, na aliyekuwa anaendesha ni mimi. Afisa akalikata jina la marehemu kwa mstari mmoja, akaandika langu juu yake. Sasa nilikuwa nimejifunga mwenyewe, na wa kunifungua hayupo.

Nikatoa daftari, nikachomoa pini, nikalaza karatasi yangu ubavuni mwa picha yao. Afisa akaanza kusoma kwa sauti: kifua, kiuno, nyo... Nikamdaka hapo hapo! Nikamwambia samahani mama yangu, soma kimoyomoyo, hivyo ni vya mteja na mimi vipimo vya mteja sivitoi. Alinikodolea macho. Nikadhani nimejiharibia. Kumbe anajizuia kucheka. Akaendelea kusoma, midomo inacheza bila sauti, namba kwa namba. Ile saba yangu yenye mkato katikati, hiyo hapo kwenye picha. Pale nilipokosea nyonga nikaandika juu yake, hapo hapo kwenye picha. Akageuza karatasi. Saa niliyolipa ilikuwa dakika kumi na nne kabla ya saa ya picha.

Akamwita mkaguzi aliyepiga picha, mzee wa watu mwenye miwani mizito. Mzee akaangalia, akakuna kichwa, akakiri alidhani ni namba za bahati nasibu. Ofisi nzima ikacheka. Hata kaka yako nilimwona mabega yanamtikisika.

Lakini mzee hakuwa mjinga. Akasema risiti iliyogeuzwa ni sawa na risiti isiyokuwapo. Afisa akachukua barua yao, akaisoma upya taratibu. Akasema kosa lililoandikwa humu ni kutolipia, na huyu mama amelipia. Kulaza karatasi kifudifudi ni uzembe, na uzembe wake ameshausafiria mpaka huku. Kisha akanyanyua ule mhuri. Wifi, ungeusikia ulivyogonga! Nilitaka nimwombe augonge tena.

Akaniuliza barua ya kufuta faini iandikwe kwa jina la nani. Nikasema kwa yote mawili, maana tulishtakiwa wote. Kaka yako akaisoma pale kwenye ngazi, safari hii kimya kimya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina la mdogo wake, jina langu, halafu chini yake: hakuna kosa. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Tulisimama pale watu wanatupita, na ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kumlilia marehemu mahali pamoja.

Usidhani niliondoka na barua tu. Yule afisa alinifuata mpaka kwenye korido kuniuliza kama nashona na sketi. Mimi na futi hatuachani, si unanijua? Nikampima chooni. Ofisi iliyotaka kunifilisi sasa ni mteja wangu!

Tulifika mpakani jua linaanza kushuka. Mkaguzi wa magari akainama kwenye dirisha la kaka yako, maana mwanamume akiwamo ndani ya gari huulizwa yeye. Akauliza gari hili la nani. Mimi huvuka na nakala tu; kadi yenyewe ilikuwa mfukoni mwa kaka yako, mahali ilipokaa tangu kikao kile. Mimi nikakaza mikono kwenye usukani, natazama mbele tu, nasubiri nisikie atasema la marehemu au la familia. Aliitoa kadi, akamwonyesha mkaguzi, akairudisha garini na kuniwekea mapajani.

"La shemeji yangu huyu," akasema. "Mimi ni abiria tu."

Wifi, nililia. Nililia ninaingiza gia, nikalia ninaondoka pale, na gari halikuzima hata mara moja. Kesho Jumatatu tunakwenda kuandikisha kadi kwa jina langu, na kaka yako amesema atatangulia kwenye foleni kunishikia nafasi.

Mama yako tulipomwambia alipiga vigelegele mpaka wapangaji wakatoka nje wakidhani kuna harusi. Anakusalimu sana, anasema uliongea vizuri siku ile ya kikao, ila ulichelewa kuongea. Kaka yako naye anakusalimu, na amenikataza kukuandikia habari za miwani, kwa hiyo hujazisikia. Mwalimu mkuu, ambaye humjui, anakusalimu pia. Nisalimie mumeo na wanao mapacha, uwaambie mke wa mjomba wao sasa ana gari lake mwenyewe na akisikia wamefanya utundu atawafuata huko huko.

Mungu akuzidishie afya na akulinde popote unapokanyaga. Uliniamini mbele ya watu wakati mimi mwenyewe sijiamini, na hilo sitalisahau maishani mwangu.

Ni mimi wako akupendaye siku zote,

Wifi yako,
Mwenye gari.