Ukungu wa Nahimana katika Jalada la Mama Sada

Rumonge, Jumatano. Ukungu umelala ziwani tangu asubuhi, milima ya ng'ambo haipo, na kambi nzima ya malale inasinzia kama kawaida yake. Hata mbung'o wamechoka kuuma. Aliye macho ni mimi tu.

Naam, mimi, karani wa Daktari Mdachi. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini ukiuona mwandiko wangu utadhani ni wa mfalme wao. Daktari anataja, mimi naandika, kila mgonjwa na jalada lake. Sura siitazami. Natazama namba ya kibati shingoni.

Hapo ndipo tulipopotea.

Kibati cha shaba ni cha wanaopata nafuu. Mwenye nacho anapita langoni, askari hamuulizi. Cha chuma ni cha kukaa ndani. Basi akina mama wanaazimana. Juzi Nahimana alivaa shaba ya Mama Sada, akaenda Minago kumwona mwanawe aliye kwa bibi yake. Kurudi, akakuta daktari anapima watu, naye akapimwa hivyo hivyo, na shaba ya mwenzake shingoni. Akasema anaona ukungu hata ndani ya nyumba. Daktari akataja: dawa inamla macho, asidungwe tena. Nikaandika, tena kwa madoido, katika jalada la Mama Sada.

Leo ni siku ya sindano. Nikamwita Mama Sada kwa sauti ya serikali, nikamwambia akapumzike, macho yake mabaya.

"Macho yangu?" akacheka. "Weye mutoto, naona chawa kichwani mwako toka hapa!"

Mstari mzima ukacheka, nami nikacheka. Kisha Mama Sada akaacha ghafla. Anamtazama Nahimana, aliye wa kwanza kudungwa, mkono tayari. Mmoja wao akisema ukweli wa vibati, safari za Minago zimekwisha.

Nikafungua jalada la Nahimana. Safi. Hakuna neno la macho. Adungwe sindano kamili.

Nikaota kidogo, nimesimama pale pale. Nikajiona nachomoa karatasi hii, napachika ile, hakuna ajuaye, nami nabaki karani bora wa ufuko huu hadi Kigwena. Lakini sindano ilikuwa imeshajaa.

"Bwana, ngoja! Huyu ndiye mwenye ukungu. Walibadilishana vibati."

Daktari hakufoka. Alimwinua Nahimana kidevu, akapitisha kidole mbele ya macho yake. Kidole kilipita. Macho yalibaki pale pale, kana kwamba yanatazama kitu kizuri kilicho mbali sana nyuma yetu.

Akaiweka sindano chini.

Nikachukua kisu nikwangue maandishi, akanizuia. Nipige mstari mmoja tu, ya zamani yasomeke, kando niandike sababu na jina langu, halafu niyahamishie kwa mwenyewe. Ukurasa wangu mzuri kuliko zote, na mstari katikati!

Shaba ya Mama Sada imechukuliwa. "Umetuuza, karani wa kuku weye," aliniambia, lakini alikuwa amemshika Nahimana mkono, akimpeleka kivulini polepole.

Daktari anasema huenda macho yakarudi. Huenda. Neno hilo hakunitajia niliandike.

Kesho kukipambazuka nitasimama mbali kidogo na mlango wa Nahimana, nimuulize nimevaa kofia gani. Asipojua, nitasogea. Nitasogea tena, na tena, mpaka anitukane kwa ubaya wa sura yangu.