Mwezi Tuliouona Kidete

Baba yangu mpenzi,

Wiki iliyopita kitindamimba wangu, ambaye hukuwahi kumpakata, alinionyesha kwenye simu picha ya unyayo wa mtu kwenye vumbi la mwezini. "Baba, hii ni kweli au wametengeneza?" Nikamwambia ni kweli, babu yako alinihadithia. Kisha nikamwachia duka, nikatoka nje.

Wewe uliyasikia mambo hayo kwenye redio ya stesheni masta, ukiwa kijana unakaza bolti za reli pale Kidete. Ulinihadithia kidogo kidogo tukipalilia mahindi. Warusi walimrusha mbwa, akafia huko huko. Kisha kijana wao akaizunguka dunia mara moja, akarudi mzima, na baadaye mwanamke naye akaenda. Wamarekani watatu waliungua wakiwa bado chini, kwenye majaribio tu. Ukifika hapo ulikuwa unasimamisha jembe. Mwisho wakaenda watatu wengine, wawili wakashuka mwezini, mmoja akabaki anazunguka.

"Huyo ndiye ninayemfikiria," ulisema. "Akipita nyuma ya mwezi hata redio haimfikii. Yuko peke yake na Mola wake."

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemposa binti wa mwalimu wa madrasa, jioni ile ya Ramadhani ishirini na tisa. Tulisimama mimi na wewe juu ya tuta la reli, tukatazama milima jua lilikozama. Mimi ndiye niliyeuona mwezi kwanza. Nikakuonyesha kwa kidole: mwembamba, umelala chali. Ukasema, "Alhamdulillahi, macho unayo."

Msikitini ulisimama ukatoa habari. Mzee Saidi, mtani wako, hakukuacha hata ukae. "Na wale Wamarekani wako umewaona? Wamekupungia mkono?" Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Mtu anayedai binadamu wamekanyaga mwezi, tutaupokeaje ushahidi wake juu ya mwezi? Na kumaliza mfungo kunataka mashahidi wawili." Akanigeukia mimi, mkwe wake mtarajiwa. "Nawe kijana, umeuona?"

Baba, nilisema sikuuona.

Hukunibishia. Ulikaa tu chini, ukatazama mkeka. Njiani ukasema maneno mawili matatu: "Harusi yako itakuwa njema, mwanangu."

Redio ya kijiji ilikuwa haina betri, basi kesho yake tukaamka kufunga. Mchana treni ikasimama, na abiria madirishani wamevaa kanzu mpya, wanatafuna maandazi, wanatusalimia, "Idi mubarak!" Kijiji kizima kilikuwa kimefunga siku ya Idi, siku ambayo ni haramu kufunga, na aliyekifungisha ni mimi. Mwalimu akasema hatukuwa na shahidi wa pili, yakaishia hapo. Wewe hukupanda tena kwenye tuta kutazama mwezi. Na habari za waliokwenda mwezini hukunihadithia tena mpaka tunakuzika.

Nilioa. Mke wangu ni mtu mwema, watoto wazima, namshukuru Mungu. Lakini kila mwezi unapoandama mimi hubaki ndani, nangoja redio itangaze. Nimeomba msamaha wa Mola kwenye sijida nyingi sana. Wako sikuuomba ukiwa hai, na huo sasa nitauomba kwa nani?

Baada ya ile picha nilipanda gari kwenda Kilosa, kisha Kidete. Mwalimu alishafariki. Mzee Saidi yupo, haoni tena, anaota jua mlangoni. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote.

"Mimi nami niliuona," akasema. "Nilikuwa kisimani. Nilipoingia msikitini nikakuta nimeshaanza utani, na watu wanacheka. Ningerudi vipi nyuma?"

Nilimshika mkono nikamwongoza mpaka kaburini kwako, tukasoma dua, naye akalia kwa sauti kama mtoto. Mimi machozi hayakuja. Niliona tu majani yamekuzidi, nikayang'oa kwa mikono.

Naandika haya wayasome waliobaki wa Kidete, na watoto wa waliokwishaondoka: baba yangu alisema kweli. Lala salama, baba. Tukikutana mbele ya Mwenye haki ukaulizwa nani mwingine aliuona, usininyamazie tena. Nitaje.

Mwanao,
shahidi wako wa pili.