Mlangoni kwa Baba Mkwe

Kwandu upo? Acha kila kitu usome hapa.

Ruta imegoma tangu jana asubuhi. Taa zinawaka, waifai inaonekana, lakini inaandika haijapata anwani ya intaneti. Nikasema huyu ni jirani yangu Mboje kaichezea, si ndiye niliyempa paswedi? Nimeenda kumfokea mbele ya mke wake!!

Leo nikapiga huduma kwa wateja. Dada ananiambia, "Angalia waya wa nyuma kama umechomekwa." Siwezi. "Huwezi kwa nini?" Ruta iko chumba cha wageni, na baba mkwe kaja toka Mwanhuzi, analala humo. Mimi mkamwana niingie anapolala?

Na ripoti ya shule yetu inatakiwa wilayani, Lagangabilili, leo saa kumi.

Tangu jana nimeenda mlangoni mara sita. Nasalimia, naona aibu kumwomba, narudi.

Halafu nikaanza kumtilia shaka mzee mwenyewe. Mbona ananiona nahangaika na haulizi kitu? Mbona kila nikipita anakohoa?

Nikapiga magoti. "Baba shikamoo. Naomba utuangalizie waya wa hiyo ruta."

"Niliuchomoa mimi."

Kwandu. Niliuchomoa mimi!! Hata hakuinuka.

"Wiki nzima ulikuwa unanisalimia ukipita, macho kwenye simu. Tangu jana umekuja kuniamkia mara sita."

Kaurudisha. Ripoti imeenda. Sasa katoka, kaketi barazani karibu na mimi, ananiangalia ninavyokuandikia.

Naizima simu.