Soksi Kwenye Mashine ya Fulana

Kaka,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto jikoni. Jikoni, nimesema, si kwenye mashine yangu ya fulana.

Maana leo asubuhi nimepanga vijiwe vya kung'aa kwenye fulana ya kwanza ya wanakwaya, nyeupe pe, nikaibana kwenye mashine ili joto livigandishe. Nilipofungua, vijiwe vimeshika vizuri, na kando yake kuna doa jeusi lenye umbo la mguu. Soksi yako! Uliikaushia humo, ikayeyuka, ikaganda kwenye bati la juu. Hongera, mtaalamu. Wewe unayeniuliza mbele ya wageni, "Msomi mzima unabandika vimulimuli?", kumbe kuanika soksi kwenye kamba kumekushinda.

Nimekwenda kuomba mashine kwa fundi anayechapa jezi. Mwalimu wa kwaya akifika kabla yangu, mpe kiti, mwambie fulana zake zinakuja. Hii ndiyo oda yangu ya kwanza na nilimwahidi leo. Vichekesho vyako kaa navyo. Bati usilikwangue kwa kisu. Umeshasaidia vya kutosha.

Soksi ya pili ya jozi yako pekee nimeikuta chini ya meza. Kwa hiyo umekwenda kwenye usaili wa kazi umevaa viatu hivyohivyo, miguu mitupu ndani, na hukumwambia mtu.

~~Natumaini wamekucheka.~~

Natumaini wamekupa kazi. Wakupe, wasikupe, chakula chote ni chako. Mimi nimeshakula.

Mdogo wako,
msomi wa vimulimuli