Koti la Kung'ata

Kaka na wifi,

Chai iko kwenye chupa. Dereva wa pikipiki akipiga honi, msihangaike kumtafuta mtoto. Mlikuwa bado chumbani mkijiandaa, nikatoka naye kwa miguu.

Mnajua sababu. Asubuhi nikimpigisha mswaki nilimtoa uzi wa buluu katikati ya meno. "Umekula nini, mama?" Akanijibu kwa fahari: "Shangazi, nikisinzia kwenye pikipiki nang'ata koti la anko dereva, nisianguke."

Ana miaka minne! Wifi ukacheka: "Mjanja huyo, kamrithi baba yake." Nawe kaka, huku unapangusa kofia yako ngumu ya pikipiki, ukasema: "Nyuma kabanwa na wenzake wawili, ataangukia wapi?"

Koti limelowa jasho na vumbi la barabara nzima, mtoto anashikilia uhai wake kwa meno ya utotoni, nasi watu wazima tunauita ujanja. Msiseme msomi kaanza hotuba zake. Hili halihitaji shahada.

~~Leo silali kwenu.~~ Jioni nitampitia shuleni, turudi wote. Usaili wangu wa kazi ni saa tatu, nikichelewa, nimechelewa. Kuanzia kesho tupeane zamu za kumpeleka. Najua mnampenda, ndiyo maana nimeudhika hivi.

Kofia yako, kaka, nimeirudisha msumarini. Mtoto aliijaribu kabla hatujatoka. Ilimfunika mpaka kidevuni, akaniuliza yake iko wapi.

Shangazi yake