Leo Mimi ni Abiria

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba akija, mwonyesheni bomba la bafuni.

Nimeenda hifadhini, kutembea kwa miguu kuzunguka yale maziwa matatu. Ndiyo, kwa basi, lile lile ninaloendesha kila siku. Jana usiku mlinicheka mpaka mkashika mbavu, eti dereva yuko mapumzikoni halafu anapanda basi! Chekeni tu. Miaka kumi na moja nashusha watu kituo cha mwisho, pale kwenye geti la hifadhi, nageuza gari, narudi. Jioni wanapanda na matope mpaka magotini, wananisimulia, nami naitikia, "Ndiyo, kuzuri kule," wakati hata lile geti sijawahi kulivuka. Aibu iliyoje!

Binti yangu, begi lako la mgongoni ninalo. Usinune.

~~Msinifuate. Nataka kuwa peke yangu.~~

Mama watoto, wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Basi jingine linaondoka saa nne. Vaa viatu vya kufunga kamba, chukua na sweta. Nitakaa kwenye benchi nje ya geti. Mpaka pale nimeshafika peke yangu mara nyingi mno. Ndani siingii bila wewe.

Baba yenu, abiria